Kubuki safari ijayo ungali melini: mwongozo kamili kwa Mzanzibari mwenye paspoti ya Tanzania

Ukipanda meli ya kitalii, haipiti siku ya pili utakuta karatasi imewekwa kitandani, au ujumbe umeingia kwenye simu: kuna ofa ya abiria waliomo melini tu, fika dawati la safari zijazo. Dawati lenyewe huwekwa pahala usipoweza kulikwepa, karibu na ngazi kubwa au njia ya kwendea kula. Siku ya mwisho baharini foleni yake haina mfano.

Ulipe pale pale au usubiri urudi nyumbani? Langu ni hili: lipa kianzio kama ni kidogo na kinarudishwa, lakini meli na tarehe kachague nyumbani. Buking kamili ifanye melini kwa hali moja tu, nayo ni safari isiyokudai viza, au ambayo viza yake unayo tayari.

Ushauri mwingi unaozagaa mtandaoni kuhusu jambo hili umeandikiwa Mmarekani au Muingereza, mtu ambaye paspoti yake inamfungulia bandari nyingi bila ya kuulizwa. Kwake yeye suala ni bei. Kwetu bei ni suala la tatu, baada ya viza na kalenda. Ndugu zetu walioko London au Toronto wenye paspoti za huko wanaweza kuruka sehemu ya viza, ila ya kalenda wasiiruke.

Nini hasa kinachouzwa pale

Dawati lile linauza vitu viwili, na muuzaji huvitaja kwa pumzi moja.

Kimoja ni kianzio cha wazi. Unalipa pesa kidogo, huchagui meli wala tarehe, na unapewa nambari ya kuja kuitumia baadaye. Disney, kwa mfano, wamekuwa wakichukua dola 250 kwa chumba, kwa punguzo la asilimia 10 na muda wa miezi 24. Kampuni nyingine huanzia kwenye dola 100 hivi kwa mtu. Zipo zinazokirudisha usipokitumia, na zipo zisizorudisha hata senti.

Kingine ni buking kamili: meli, tarehe, aina ya chumba, majina ya wasafiri. Hapa saa imeshaanza kuhesabu, na kila siku inayopita inakusogeza kwenye siku ya kumaliza malipo.

Nauli yenyewe mara nyingi ni ile ile iliyoko kwenye tovuti ya kampuni. Faida ya kubuki melini iko kwenye vinavyoongezwa juu: kianzio kupunguzwa, punguzo kidogo, au pesa za matumizi utakazozikuta kwenye akaunti yako ukipanda meli ile ya pili. Pesa hizo kwa kawaida hupewi mkononi. Zinakwenda kwenye bakshishi ya wafanyakazi, intaneti, dobi na matembezi ya bandarini. Bakshishi peke yake katika meli nyingi kubwa ni kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo dola 100 za zawadi kwa mume na mke hazimalizi hata siku nne.

Zawadi nyengine inayopendwa sana na wauzaji ni kifurushi cha vinywaji. Kwa asiyekunywa pombe, thamani yake ni soda, juisi na kahawa. Usiihesabu kama punguzo la mamia ya dola kwa sababu tu karatasi imesema hivyo. Omba ubadilishiwe upewe pesa za matumizi. Wakikataa, iondoe kabisa kwenye hesabu zako kisha utazame kilichobaki.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu kabla hujafunga begi

Intaneti ya melini mara nyingi ni ya kulipia, na mtu aliyekaa mbele ya muuzaji hapati nafasi ya kulinganisha bei. Kwa hiyo kazi hii ifanye nyumbani. Chagua safari mbili au tatu unazozitamani, piga picha kurasa zake kwenye simu, na uandike jumla kamili: nauli, kodi za bandari, bakshishi. Kama unasafiri peke yako, tazama bei ya chumba cha mtu mmoja, maana nauli inayotangazwa huwa ni ya wawili chumbani, na aliye peke yake mara nyingi hulipa karibu mara mbili.

Ongeza na nauli ya ndege kutoka Kisauni. Safari ya meli ya dola 700 inayoanzia Barcelona si ya dola 700 kwa mtu anayetoka Unguja.

Hatua ya pili: viza, na hapa tukae kidogo

Tuchukue Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa sababu safari nyingi za Mediterania zinapita huko. Ombi la viza halipokelewi kabla ya miezi sita kufikia siku ya safari. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Alama za vidole unakwenda kuzitoa Dar es Salaam, kwa hiyo ongeza boti na pengine malazi ya usiku mmoja. Zikishachukuliwa, zinatumika kwa miezi 59.

Sasa iweke hiyo pamoja na masharti ya meli. Kampuni nyingi zinataka malipo yote yakamilike kati ya siku 75 na 120 kabla ya kuondoka, kutegemea kampuni na urefu wa safari. Tuseme meli inaondoka Barcelona tarehe 1 Oktoba. Mlango wa viza unafunguka 1 Aprili. Kama kampuni inataka malipo siku 90 kabla, siku yako ya mwisho ni 3 Julai. Una Aprili, Mei na Juni za kuomba, kusubiri na kupata jibu kabla hujatoa pesa kubwa. Peleka ombi mwanzo wa Mei, na hata wakikuweka siku 45 zote utakuwa umejua katikati ya Juni. Lakini kama kampuni inataka siku 120, mwisho wako ni 3 Juni, na nafasi imebana. Hapo ombi lipeleke Aprili.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kama buking kamili ina maana. Muuzaji wa melini haijui, wala si kazi yake kuijua.

Kuna mtego wa pili. Meli inaweza kuanza na kumaliza ndani ya Schengen lakini katikati ikatoka nje: Tunis, Istanbul, Kotor. Ukishatoka, kurudi ni kuingia upya, na viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha kazi. Kwa safari ya namna hii omba ya kuingia mara nyingi, na ratiba ya meli uiambatanishe. Ramani za zamani zitakudanganya: Dubrovnik imo ndani ya Schengen tangu Januari 2023, jirani yake Kotor haimo. Na zile nchi za njiani usizisahau, maana Uturuki na Tunisia kila moja ina masharti yake. Kampuni ya meli ikiona karatasi moja imekosekana inaweza kukuzuia usipande kabisa, hata kama huna nia ya kushuka bandari hiyo.

Ubalozi unapenda kuona buking yenye jina lako na tarehe. Kianzio cha wazi hakitoshi hapo. Kwa hiyo mpango mzuri kwa Mediterania ni kuchukua kianzio cha wazi melini, ukirudi ukachagua tarehe, ukakigeuza buking kamili inayorudishwa miezi saba au minane kabla ya safari, kisha ukaenda Dar.

Safari za Karibiani zinazoanzia Miami zinataka viza ya Marekani, na kwa paspoti yetu njia hiyo ni nyembamba. Kama huna viza hai kwenye paspoti, usiweke hata dola mia isiyorudi.

Kuna pande ambazo ni nyepesi. Msimu wa joto la kusini, takriban Novemba hadi Machi au Aprili, kampuni ya MSC huwa na meli inayotokea Durban na Cape Town, na baadhi ya safari zinagusa Msumbiji. Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza hadi siku 90, na Msumbiji nako hakuhitaji viza. Kwa safari kama hizi, ukiipata bei nzuri ukiwa melini na tarehe unazijua, funga.

Upande wa Jeddah kuna AROYA, ya Wasaudia, iliyoanza Desemba 2024. Ni meli kubwa iliyokuwa ikiitwa World Dream, sasa haina pombe na chakula ni halali. Wengi hapa wanaiulizia, na nawaelewa: kula wiki nzima bila ya kuuliza nyama imechinjwaje ni raha. Viza ya Saudia unaihitaji, kwa hiyo itafute kwanza. Ghuba nako, meli zinazotoka Dubai kwenda Maskati na kurudi zinakutoa Imarati na kukuingiza tena. Tazama viza yako ni ya kuingia mara ngapi.

Hatua ya tatu: kalenda ya kwetu

Kianzio cha miezi 24 kinasikika kirefu. Toa humo Ramadhani mbili, toa Sikukuu, toa miezi watoto wako skuli, utaona kinavyopungua.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, na ya 2028 karibu na 28 Januari, kutegemea mwezi kuandama. Yaani inaangukia pale pale ambapo meli ziko Ghuba na Afrika Kusini. Muuzaji atakuonesha safari ya Februari yenye bei ya kutupa, nawe usiku ule na taa zile ukasahau ni mwezi gani. Msafiri ana ruhusa yake, hilo linajulikana, lakini ni wachache nawajua wanaotaka kuitumia kwa kukaa kando ya bwawa la kuogelea. Kwa 2027 tazama Desemba au Januari, au nusu ya pili ya Machi baada ya Iddi.

Mwenye kupanga Hija asifunge tarehe yoyote karibu na Mfunguo Tatu. Iddi Kubwa ya 2027 inakisiwa kuwa karibu na 16 Mei.

Na pesa nazo zina msimu. Mpemba anayetegemea karafuu aangalie siku ya kumaliza malipo inaangukia kabla ya kuuza au baada ya kuuza. Anayecheza upatu apange zamu yake ifike mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, si mwezi mmoja baada yake.

Hatua ya nne: kwenye dawati

Usiende siku ya mwisho. Nenda siku ya pili au ya tatu, asubuhi, wakati wenzako wameshuka bandarini. Muuzaji ana nafasi, na wewe una siku za kufikiri. Wengi wao wanapata kamisheni, kwa hiyo usione haya kumwambia utarudi kesho.

Nilikuwa nyuma ya wazee wawili wa Wete kwenye foleni moja ya namna hii. Mzee keshatoa kadi mfukoni, bibi akamshika mkono.

"Hebu ngoja kwanza, mume wangu. Pesa zinarudi hazirudi?"

"Kasema zinarudi."

"Kasema, au zimeandikwa?"

Kijana wa dawatini akageuza skrini. Kwa chumba kile kile kulikuwa na bei mbili, zimepishana kama dola sitini, na ile ya chini aliyokwisha kuibofya ilikuwa na maandishi madogo ya kijivu: kianzio hakirudishwi. Bibi akavaa miwani, akasoma taratibu neno kwa neno, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha skuli, *the other one*. Dola sitini zile ndizo bei ya kulala usingizi mpaka viza itoke.

Fanya kama bibi. Omba uoneshwe palipoandikwa majibu ya haya:

- Kianzio kinarudi kama pesa, au kama vocha ya safari nyengine? Kinarudi kwenye kadi ile ile, na mpaka siku gani?
- Bei ikishuka kabla sijamaliza kulipa, nitapata ile ya chini?
- Naweza kuhamishia buking kwa wakala wangu, na ndani ya siku ngapi?
- Naweza kubadilisha tarehe au meli bila ya faini?
- Bei ni ya sarafu gani?
- Chumba hiki kina nambari, au ni chumba chochote watakachonipa?

Kisha majina. Hapa wageni hawana shida kama yetu. Mwambie muuzaji afungue paspoti, asinakili kutoka akaunti ya melini. Khamis na Hamis, Suleiman na Sleiman, jina la babu kuwekwa katikati na la baba mwisho: kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kukukwamisha kwenye kaunta ya bandari miaka miwili baadaye. Soma herufi kwa herufi kabla hujasaini. Mke wako anatumia jina la babake, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema ili asije akamwandika kwa lako akidhani anakusaidia. Paspoti iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya safari. Kama itaisha kabla, ibadilishe kwanza, kisha uwatumie nambari mpya.

Hatua ya tano: kadi na riba

Kabla ya kuondoka nyumbani pita benki yako, iwe PBZ au nyengine, uulize kikomo cha malipo ya nje kwa siku, na kama kadi inakubali malipo ya dola mtandaoni. Kadi ya kawaida ya akaunti ina kero nyengine melini: kampuni hushikilia kiasi fulani cha pesa kama dhamana ya matumizi, na pesa hizo zinaweza kukaa zimefungwa siku kadhaa baada ya kushuka. Ukilipa kianzio kwa kadi hiyo hiyo, hakikisha kilichobaki kinakufikisha nyumbani.

Kulipa kianzio na kumalizia baadaye si mkopo, na kampuni yenyewe kwa kawaida haitozi ziada ukilipa kidogo kidogo kabla ya siku ya mwisho. Lakini mipango ya "safiri sasa, ulipe baadaye" mara nyingi ni mikopo ya kampuni za fedha zilizosimama pembeni, na yenye riba ndani yake. Anayejikinga na riba aulize ni nani anayemdai: ni meli, au ni mkopeshaji?

Mwenye kijana baharia asilipe chochote kabla ya kumpigia simu. Kampuni nyingi zina bei ya jamaa za wafanyakazi, na mara nyingi bei hiyo haichanganyiki na ofa za dawati. Vijana wetu wengi wanafanya kazi kwenye meli hizi, na utastaajabu wazazi wangapi hawajui.

Hatua ya sita: ukisharudi

Sisi tuliozoea boti ya Dar, tiketi unakata asubuhi na mchana uko Malindi, hatuna mazoea ya kuchunga tarehe za mwakani. Kwa hiyo ziweke kwenye simu siku hiyo hiyo unayofika: siku kianzio kinapokufa, siku mlango wa viza unapofunguka, siku ya kumaliza malipo. Kila moja iwe na kengele mbili, ya wiki mbili kabla na ya siku tatu kabla.

Wiki ya kwanza linganisha bei uliyopewa na ile ya tovuti na ya wakala. Kama umebuki kwa masharti ya kurudishiwa na umekuta nafuu kwengine, wapigie wakulinganishie au uondoke. Kama unaye wakala unayemwamini, hamishia kwake mapema, kwa sababu kampuni huweka ukomo wa siku na ukipita hawakubali tena. Wakala wa hapa ana faida moja ambayo dawati halina: unaweza kwenda ofisini kwake ukakaa kitako mpaka akujibu.

Tiketi ya ndege isiyorudi usiinunue kabla ya viza. Ukishainunua, iwe ya kufika angalau siku moja kabla ya meli kuondoka. Kutoka kwetu utaunganisha Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na ndege ya kwanza ikichelewa meli haikungoji.

Viza ikikataliwa, waandikie kampuni siku hiyo hiyo na uambatanishe barua ya ubalozi. Kabla ya siku ya kumaliza malipo, aliyechagua kianzio kinachorudi anarudishiwa chake, ingawa pesa huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye akaunti. Baada ya siku hiyo faini inapanda kwa ngazi, nusu, robo tatu, mpaka nauli yote kadiri meli inavyokaribia kuondoka, na bima nyingi za safari hazilipi kwa sababu ya kunyimwa viza. Kwa hiyo kama siku ya malipo imefika na ubalozi hawajajibu, omba uhamishwe kwenye safari ya mbele, na uombe kabla ofisi zao hazijafungwa kwa saa za kwao, si za Unguja.